Mizani ya Bafuni na Mizani ya Kijiji

Mwaka jana daktari wangu alinieleza, kwa upole wa mtu aliyezoea kutoa habari mbaya, kwamba shinikizo langu la damu limepanda na kwamba kitambi changu si jambo la kuchekea tena. Wiki hiyo hiyo nilikwenda Kariakoo nikanunua mizani. Haikuwa mizani ya mshale tuliyoizoea, wala ile wanayokaa nayo vijana kando ya vituo vya daladala wakisubiri wapita njia wenye sarafu ya ziada. Hii ni kioo cheusi chenye vipande vinne vya chuma mahali pa kukanyagia, nayo huwasiliana na simu. Wauzaji huiita mizani janja. Ukipanda juu yake pekupeku, baada ya sekunde chache simu hukuletea orodha ndefu: uzito, asilimia ya mafuta, misuli, maji, mifupa, mafuta yanayozunguka viungo vya ndani, na hata kitu kinachoitwa umri wa mwili. Umri wa mwili wangu ulisomeka miaka 58. Mimi nina miaka 49.

Wasomaji wanaonifuata kwa mijadala ya katiba, ardhi na elimu watashangaa kwa nini leo naandika juu ya chombo cha bafuni. Sababu ni kwamba kila kipimo kina siasa zake. Kuna aliyeamua kinachopimwa, kuna aliyeamua kipi kiitwe kizuri na kipi kibaya, na kuna anayebaki na daftari la majibu. Maswali hayo matatu huwa tunayauliza kuhusu sensa, mitihani na takwimu za uchumi. Nimejifunza kwa gharama kubwa kwamba inatupasa kuyauliza hata tunapopanda juu ya kioo tukiwa tumejifunga taulo.

Tuanze na kinachopimwa. Mizani hii hupima mambo mawili tu. La kwanza ni uzito, na kwa hilo ni chombo kizuri. La pili ni ukinzani wa mwili dhidi ya umeme. Vile vipande vya chuma hupitisha mkondo dhaifu sana, usiohisika, ambao huingia kwa mguu mmoja na kutokea kwa mguu mwingine. Misuli, ambayo sehemu yake kubwa ni maji yenye chumvi, huupitisha mkondo huo kwa urahisi. Mafuta, yenye maji kidogo, huuzuia. Kutokana na ukinzani huo, pamoja na umri, jinsia, urefu na uzito ulivyoviandika kwenye simu, programu hukokotoa makisio ya maji ya mwili, na kutoka kwenye maji hayo hukisia misuli na mafuta. Elimu yenyewe si ya uongo. Hospitalini na katika vituo vya utafiti njia hii hutumika kwa vifaa bora zaidi na kwa masharti makali. Japani, kampuni ya Tanita ilianza kuiingiza katika mizani za nyumbani miaka ya 1990, na mwaka 2009 kampuni ya Withings ya Ufaransa ikatoa mizani iliyotuma majibu yenyewe kwenye intaneti.

Lakini zingatia njia ya mkondo huo. Unapanda mguu huu na kushuka mguu ule. Kifua, mikono na sehemu kubwa ya tumbo haviguswi, bali hukisiwa. Kitambi kilichonipeleka dukani ndicho ambacho mizani hii haikioni moja kwa moja.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuwafundisha vijana kutoamini namba kabla ya kuzihoji, nilifanya majaribio. Siku moja nilijipima alfajiri kabla ya kula: kilo 88.0, mafuta asilimia 28.6. Jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama darasani na kunywa maji mengi, nilijipima tena: kilo 88.6, mafuta asilimia 26.1. Kwa hesabu ya mashine, kati ya alfajiri na magharibi nilikuwa nimepoteza takriban kilo mbili za mafuta, huku uzito wangu ukiongezeka. Hakuna mwili unaofanya hivyo. Kilichobadilika ni maji na mahali yalipokusanyika. Kisha nikaingia kwenye programu nikajipunguzia umri kwa miaka ishirini. Nilipopanda tena, mafuta yakashuka. Nikajiandikisha kuwa mwanamichezo, yakashuka zaidi. Mwili ulikuwa ule ule, bafu lile lile, dakika zile zile. Kwa maneno mengine, sehemu ya jibu niliyokuwa napewa ilitoka kwenye dodoso nililojaza mimi mwenyewe.

Sisemi haya ili kuwacheka waliotengeneza chombo hiki. Ukijipima kila siku wakati ule ule, alfajiri, baada ya kwenda haja na kabla ya kunywa chochote, mwelekeo wa wiki nyingi unaweza kukuambia jambo la kweli hata kama kila namba peke yake ina kasoro. Ninachosema ni kwamba namba yenye nukta na desimali hujivika heshima isiyostahili. “Asilimia 28.6” husikika kama hukumu ya mahakama, kumbe ni makisio ya mtu aliyeona miguu tu.

Swali la pili ni nani aliyeamua kilicho kizuri. Orodha ile haikuja na namba pekee. Ilikuja na rangi: kijani kwa anayefaa, njano kwa anayeonywa, nyekundu kwa aliyepotea. Rangi hizo zina historia. Ule uwiano wa uzito na urefu unaotumika hospitalini ulitokana na kazi ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mnajimu na mwanatakwimu, aliyekuwa akitafuta tabia za “mtu wa wastani”. Hakuwa tabibu, na hakukusudia kumwambia mtu mmoja mmoja kama ni mzima au mgonjwa. Ni mwaka 1972 ambapo Ancel Keys, mtafiti wa Marekani, na wenzake waliupa uwiano huo jina unalojulikana nalo leo. Baadaye zikawekwa alama za 25 kwa uzito uliozidi na 30 kwa unene uliokithiri. Mwaka 2004 jopo la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kwa watu wengi wa Asia hatari huanza chini ya alama hizo. Kama wastani wa watu fulani hauwatoshi wengine hata kwa kipimo rahisi cha kilo na mita, ni haki kuuliza kanuni za siri zilizomo ndani ya mizani yangu zilitungwa kwa kuwapima akina nani. Kwenye kijitabu kilichokuja na mizani jibu halimo.

Hata hivyo, jambo lililonifanya niandike si hesabu. Ni mama yangu.

Mwezi Machi alikuja kwetu kutoka Iringa kutibiwa mtoto wa jicho. Ana miaka 74. Alipoona kila asubuhi tunapanda juu ya kile kioo, naye akawa anapanda, kwa udadisi na kwa kututania. Hatukumfungulia jina lake kwenye programu. Mizani za namna hii humtambua mtu kwa kuangalia uzito ulio karibu na uzito uliowahi kurekodiwa, na uzito wa mama ulikuwa karibu sana na wa mke wangu. Kwa hiyo mashine ilimhesabu mama kuwa ni mke wangu, na sisi hatukulitilia maanani.

Baada ya wiki kadhaa simu ya mke wangu ikaleta ujumbe: “Hongera! Umepunguza kilo 2.” Tulicheka. Ukaja mwingine wa kilo 3. Siku ulipokuja wa kilo 4, wenye picha ya fataki na kikombe cha ushindi, tulikuwa mezani wote watatu, na mama akauliza tunachochekea.

“Mama, ni hii mashine,” mke wangu akamweleza. “Imedhani wewe ni mimi. Inanipongeza kwamba nimepungua kilo nne.”

“Kwa hiyo aliyepungua kilo nne ni mimi.”

Hakuna aliyejibu.

“Tangu lini?”

Nilifungua grafu. Mstari ulikuwa ukiteremka tangu wiki ya pili ya kufika kwake, na programu ilikuwa imeupaka rangi ya kijani. Mama aliutazama kwa jicho lake lililokwisha kupona, kisha akasema kwa sauti ya kawaida: “Mwanangu, sisi mtoto akishuka hatukumpigia makofi. Tuliuliza.”

Kesho yake tulimpeleka hospitali. Ilikuwa kisukari, na sukari yake ilikuwa juu kiasi cha kumshtua muuguzi. Kiu yake ya usiku tuliisingizia joto la Dar es Salaam. Magauni yaliyomlegea alituficha kwa kanga, kwa sababu, kama alivyosema baadaye, hakutaka kutusumbua. Sasa anatumia dawa na uzito umetulia. Lakini nimebaki na aibu ambayo sijaweza kuiondoa. Mimi, mwenye shahada tatu, nilikuwa na grafu ya ugonjwa wa mama yangu mfukoni kwa miezi miwili, na kila ilipozidi kuteremka nilikuwa naona fataki.

Inafaa nieleze kwa nini yeye aliuliza na mimi sikuuliza. Katika miaka ya 1980 mama alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Mwaka 1983 mkoa wa Iringa ulianza programu ya lishe iliyosimamiwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha kutoka Italia, ikianzia katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu ilifanyika siku ya afya ya kijiji. Nakumbuka mizani ya saa iliyoning'inizwa kwenye tawi au kwenye boriti, na watoto wakitiwa ndani ya kaptura ya turubai wakilia. Uzito uliandikwa kwenye kadi yenye rangi. Nayo ilikuwa na kijani, kijivu na nyekundu. Kwa hiyo si rangi zinazotofautisha mizani ya mama na mizani yangu.

Tofauti ilikuja baada ya kupima. Programu ile ilisimama juu ya hatua tatu zilizorudiwa daima: tathmini, uchambuzi, na utekelezaji. Kupima kulikuwa hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo kamati ya kijiji ilikaa na kuuliza kwa nini watoto wa kitongoji fulani wameshuka. Mama hunisimulia majibu waliyoyapata. Mara nyingine ilikuwa malaria au surua. Mara nyingine nyumba ilikuwa na mahindi ya kutosha, ila mama alishinda shambani na mtoto alikula mara mbili tu kwa siku. Mara nyingine ulikuwa msimu wa ulanzi, na wazazi wote wawili walirudi usiku. Kwa hiyo suluhisho nalo halikuwa kumwambia mtoto ajitahidi. Vilianzishwa vituo vya kulelea watoto wakati wa kilimo, akina baba waliitwa kwenye kikao, kazi za wanawake zikajadiliwa hadharani. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika miaka michache, na mwaka 1990 UNICEF ilipopitisha mkakati wake wa lishe kwa dunia nzima, uzoefu wa Iringa ulikuwa miongoni mwa misingi yake. Vijiji vyetu vilifundisha ulimwengu jinsi ya kuisoma mizani.

Siutamani wakati ule kwa upofu. Kulikuwa na amri nyingi, kulikuwa na uhaba, na mama aliyeitwa mbele ya kikao kwa sababu mtoto wake yuko kwenye nyekundu hakuona raha hata kidogo. Faragha ni haki, nami sitaki kitambi changu kijadiliwe na serikali ya mtaa. Lakini tazama tulichobadilishana. Mizani ya kijiji ilimuuliza kila mtu: kwa nini? Mizani ya bafuni humwambia mtu mmoja: umefaulu, au umeshindwa. Ndani yake kumejengwa imani moja tu, kwamba kupungua ni ushindi. Haijui kufunga Ramadhani wala msiba. Haitofautishi aliyeacha soda na aliyeshikwa na kifua kikuu. Wote wawili itawarushia fataki.

Imani hiyo ina faida kwa wengi ambao si sisi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Jambo la ukubwa huo haliwezi kuwa ulegevu wa mtu mmoja mmoja. Ni soda iliyo rahisi kuipata kuliko maji safi, ni chipsi kila kona, ni barabara pana zisizo na njia ya waendao kwa miguu, ni viwanja vya michezo vilivyogeuzwa maegesho, ni kazi ya kukaa na saa tatu ndani ya foleni. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, na katika mwaka huo huo ikaunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Mafunzo yake yalikuwa kwamba afya ya mtu hujengwa pamoja na wenzake. Leo tunauziana vioo, kila mtu anajifungia bafuni kwake na lawama zake, na anayetengeneza soda hapimwi na yeyote.

Swali la tatu ni nani anayebaki na daftari. Kadi ya kliniki ilikaa nyumbani, ndani ya sanduku la mama wa mtoto. Namba zangu zinakaa kwenye seva za kampuni ambayo sijui ofisi zake ziko nchi gani. Ili kupata uzito wangu nilitakiwa kutoa namba ya simu, barua pepe, mwaka wa kuzaliwa na ruhusa ya kujua mahali nilipo. Nilibonyeza “Nakubali” bila kusoma, kama ufanyavyo wewe.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inazitaja taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Kenya inayo yake tangu mwaka 2019. Ni hatua njema. Lakini sheria humlinda anayejua kwamba ana kitu cha kulindwa. Kule Marekani, kampuni ya bima ya John Hancock ilitangaza mwaka 2018 kwamba bima zake zote za maisha zitaambatana na mpango unaofuatilia mienendo ya afya ya wateja. Mwaka 2025 kampuni ya 23andMe, iliyokusanya taarifa za vinasaba vya mamilioni ya watu, iliomba ulinzi wa mufilisi, na wateja wake wakagundua kwamba taarifa za miili yao zilikuwa sehemu ya mali inayotafutiwa mnunuzi. Sisi tunaingia katika zama za bima ya afya kwa wote. Ni wakati wa Bunge kusema wazi, kabla mtu hajajaribu, kwamba hakuna bima, benki wala mwajiri atakayeruhusiwa kudai namba za bafuni kwangu.

Mizani yangu sijaitupa. Imebaki pale pale, ila sheria za nyumba zimebadilika. Tumefuta akaunti na kuinyima programu intaneti. Tunasoma uzito kwenye kioo chenyewe. Asilimia za mafuta tunazichukulia kama uvumi: huenda zina ukweli, lakini hatuzifanyii uamuzi. Kitambi nakipima kwa futi-kamba ya fundi cherehani, ambayo haihitaji kuchaji. Kwa wanaume alama ya tahadhari inayotumika sana ni sentimita 94, kwa wanawake 80. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani asipande kabisa juu ya mizani yenye umeme, na mjamzito asitumie kipimo hicho. Kila Jumapili tunaandika namba kwenye daftari la mistari, kila mmoja na ukurasa wake. Na ukurasa wa mama una safu ya ziada aliyoichora mwenyewe kwa rula. Juu yake ameandika: “Sababu.”

Safu hiyo ndiyo ninayoiombea nchi. Zahanati zetu nyingi zinapima watoto, na ni vyema. Lakini mtu mzima mwenye miaka 50 katika kata yangu hana mahali pa karibu pa kupimwa uzito, kiuno, shinikizo na sukari kwa utaratibu, kisha akaulizwa na binadamu mwenzake amepata nini na kwa nini. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao. Wapewe mizani ya kawaida, futi-kamba, kifaa cha sukari na posho isiyocheleweshwa. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na gharama ya kukatwa mguu au kusafishwa figo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujaenda Kariakoo, pita kwanza kwenye zahanati ya mtaa wako. Mwulize mganga mfawidhi kama mizani ya watu wazima inafanya kazi. Kama haifanyi, mpigie diwani wako, na ukishamaliza naye, mpigie mama yako umwulize kama magauni yake bado yanamkaa.